Maji ya Bwawa la Tatu

Ninyi mliopangiwa kazi ya majitaka, karibuni. Mwenye leso puani aitoe tu, haimsaidii. Pua huzoea baada ya wiki moja. Yangu ilizoea kupita kiasi, hata nilipopita mbele ya duka la manukato mjini nilipiga chafya mpaka mwenye duka akaja kunipa pole. Watu ndio hawazoei. Hilo hakuna aliyeniambia nilipoanza, kwa hiyo nawaambia mapema, kabla hamjachukua buti zenu stoo.

Nilichunga mabwawa ya majitaka ya hospitali moja huku kwetu, kati ya Kahama na Geita, miaka ya tisini. Nasema nilichunga kwa sababu yalikuwa matatu na kila moja lilikuwa na tabia zake, kama ng'ombe. Jina la hospitali sitalitaja. Waliowahi kulazwa wodi za upande wa upepo wanaikumbuka bila kutajiwa.

Sikilizeni basi namna ya kulisoma bwawa, maana vitabu vyenu vina michoro mizuri lakini havina harufu. Bwawa la kwanza hupokea kila kitu kutoka wodini, chumba cha upasuaji, jikoni na vyooni. Hilo liache liwe na sura mbaya, ndiyo kazi yake. La pili lianze kuwa na ukijani. La tatu, la mwisho kabla maji hayajatoka kwenye mfereji kwenda bondeni, liwe la kijani kama mlenda uliopikwa na mtu asiye na haraka. Likinuka majani mabichi, nenda kanywe chai. Likinuka yai viza, chai ikusubiri. Likigeuka rangi ya waridi usidhani limependeza. Limelishwa kuliko linavyoweza kumeza. Kata nyasi za kingo kila zinapoota, kwa ajili ya mbu na nyoka. Mbu wa pale kwangu walikuwa wakubwa kiasi kwamba mmoja nilimsikia akikohoa.

Na usimwage dawa ya kuulia vijidudu bwawani ukidhani unasaidia. Vijidudu ndio wafanyakazi wenzako. Wao wanakula uchafu, wewe unakata nyasi. Kuna mganga mmoja mgeni aliyeagiza tumwage madumu ya dawa bwawa la kwanza ili lisinuke. Wafanyakazi wenzangu wote wakafa, maji yakawa ya kijivu kama ya kuoshea masufuria, na harufu ikaenda hadi Biharamulo ikalala huko na kurudi asubuhi. Yule mganga alihamishwa. Mimi nilibaki, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuomba nafasi yangu.

Kazi hii niliipata kwa elimu, msicheke. Madarasa ya jioni, elimu ya watu wazima. Nilitoka Ushetu, kwenye tumbaku, nikiwa najua kuandika jina langu tu, Shija, na hata humo herufi J ilikuwa inanigeukia. Nikasoma nikiwa na watoto tayari. Nilisoma kwa bidii hadi mwalimu akaomba likizo. Nilipohitimu nilitembea na cheti mfukoni mwezi mzima, na mtu akiniuliza njia ya sokoni, namwonyesha cheti kwanza.

Basi hospitali walihitaji mtu anayejua kusoma vibao vya hatari, nami nikavisoma kwa sauti kuliko wote. Wakanipa buti, reki, na kijumba cha chumba kimoja kando ya bwawa la tatu. Na kikombe.

Nieleze habari ya kikombe. Jikoni mwa wafanyakazi vikombe vyote vilikuwa sawa, vya bati, vyeupe. Changu kilipakwa tone la rangi nyekundu kwenye mkono, kikawekwa peke yake dirishani. Hakuna aliyenitukana. Waliniamkia vizuri, "Shikamoo Mzee Shija," kutoka mbali, kama mtu anayemwamkia mgeni aliyeko ng'ambo ya mto. Nikikaa kwenye benchi, baada ya muda benchi linakuwa langu lote. Nikinyoosha mkono, mwenzangu anakumbuka ameshika kitu. Mke wangu, Mama Holo, alibaki Ushetu na mashamba. Nilipokwenda likizo aliniandalia chakula kizuri, lakini mashati yangu aliyapeleka kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, yakafukizwe kwanza, nami nikafikiri ingekuwa rahisi zaidi angenifukiza mimi mwenyewe.

Basi mtu anakaa pale na bata wanaokuja bwawa la tatu, anawapa majina. Bata mmoja nilimwita Katibu kwa sababu alikuwa anapita, anatazama kazi, anaondoka. Nilikuwa nawasomea magazeti ya zamani. Nimewahi kukaa toka wiki ya kwanza ya kiangazi hadi mihogo ikakomaa, bila mtu kunigusa mkono. Hapo naongeza kidogo. Lakini si sana.

Luhende alikuja kiangazi. Alikuwa mchimbaji, mtu wa Buseresere, mrefu, mwenye meno ya kucheka hata akiwa amenuna. Alikuwa na duara lake, yaani shimo la dhahabu, juu ya kilima nyuma ya hospitali, yeye na wenzake. Kiangazi kile maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu yalikuwa yanauzwa kwa pipa, na pipa lilikuwa ghali kuliko soda. Akafuata bonde mpaka akaona mfereji wangu unatiririka bila mwenyewe.

"Mwangaluka," akaniamkia kwa Kisukuma, akaja moja kwa moja akanyoosha mkono.

Nikamwambia, "Mimi ndiye wa mabwawa."

"Nimeona. Kwani mabwawa yanauma?"

Akaushika mkono wangu na hakuuachia mpaka salamu zote zikaisha, za nyumbani, za ng'ombe, za watoto, za mvua iliyokuwa haijanyesha. Salamu za kwetu mnazijua. Ziliponiishia nilitamani kuzianza upya.

Akaomba kuweka mwalo wake pale, ule ubao wa kuoshea mchanga uliotandikwa gunia ili dhahabu ing'ang'anie kwenye nyuzi. Nikamwambia maji ni machafu. Akatazama lile bwawa la kijani na bata wake, akasema amewahi kunywa mabaya zaidi harusini.

Mchana ule nilipika ugali na dagaa, nikaweka sahani mbili. Akachukua ya kwake akamimina yote kwenye yangu. "Sahani mbili ni za wagonjwa," akasema. "Sisi ni wazima." Tukala sahani moja. Mimi nilikula polepole sana, na wala si kwa sababu ya kushiba.

Aliniita Bwana Afya. Bwana afya wa kweli alikuwa na baiskeli na kofia, mimi nilikuwa na reki, lakini yeye akakitangaza cheo hicho kilimani kote. Wakaja wenzake na mialo yao. Mfereji wangu ukachangamka. Asubuhi nasikia watu wanaimba, wanatukanana kwa utani, wanaulizana kama Bwana Afya ameshaamka au bado yuko kwenye semina na bata. Mama mmoja akaanza kuuza maandazi chini ya mti wa mwisho wa uzio wa hospitali. Nilihama kutoka upweke hadi mjini bila kubeba hata godoro.

Hapo ndipo lilipoingia jambo ninalotaka mlishike.

Wachimbaji wanaumia kila siku. Jiwe linamchubua huyu, sururu inamkata yule. Dawa yao ilikuwa rangi mbili, ile kapsuli nyekundu na nyeusi iliyokuwa inauzwa moja moja kwenye vibanda pamoja na sigara na pipi. Mtu ananunua moja, nyingine mbili akipata hela. Anaifungua, anamwaga unga kwenye kidonda, nyingine anameza, kesho akijisikia nafuu anaacha. Luhende alikuwa na kidonda kwenye ugoko, cha jiwe, kidogo tu, naye alikuwa anakinyunyizia unga huo kama anayetia chumvi kwenye nyama.

Siku moja nikamkuta amekaa ukingoni, mguu ameutumbukiza mferejini, macho ameyafumba.

"Unafanya nini?"

"Natumia dawa."

"Hayo ni majitaka, Luhende."

"Bwana Afya, wewe umesoma jioni, sasa nikueleze ya mchana." Akafumbua jicho moja. "Hospitali hii wagonjwa ni wangapi?"

"Wengi."

"Wanapewa dawa?"

"Zikiwepo."

"Na wakishazimeza, zinaishia wapi?"

Jibu lilikuwa liko mbele yetu, la kijani, bata juu yake.

"Umeona? Dawa za wilaya nzima zinakuja hapa bure. Vidonge, sindano, kila kitu. Mnaziacha zinaenda bondeni kunyweshwa vyura. Umewahi kuona chura wa huku anaumwa?"

Sikuwahi. Nami niwaambie kweli, hoja ile ilinivutia. Dawa inaingia kwa mtu, nyingine inatoka, inakuja bwawani. Hakukosea hapo. Kosa lilikuwa hatua moja mbele, na hatua hiyo hata mimi mwenye cheti sikuiona. Wenzake wakaisikia habari hiyo na ikapanda kilima kabla ya jua kuzama. Kesho yake waliokuja kuosha mchanga walikuwa wachache kuliko waliokuja kuloweka miguu. Mmoja alikuja na dumu ampelekee mama yake mwenye kidonda, ikabidi niliketie dumu lile mpaka akaondoka.

Kidonda cha Luhende kilikuwa kinakauka juu, kinafunguka tena. Kikawa kama kifuniko cha chupa, kikawa kama kiganja. Kikaanza kunuka, na mimi kwa pua yangu ile iliyokufa nikakisikia, hapo nikajua ni kikubwa.

Pale hospitali, mtu mmoja tu ndiye alikuwa anakuja mabwawani kwa hiari yake, Mama Neema wa maabara. Mama mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amepata vifaa fulani kutoka kwa daktari mgeni aliyemaliza muda wake: sahani ndogo za kioo zenye rojo la damu ya kondoo, na vikaratasi vya mviringo vilivyoloweshwa dawa, kila kimoja dawa yake. Unapaka usaha wa kidonda kwenye rojo, unaweka vile vikaratasi juu, unatia kwenye kabati la joto la mafuta ya taa. Vijidudu vinaota kama ukungu kwenye ugali uliolala. Dawa ikiwa inaviweza, kikaratasi chake kinazungukwa na pete safi, pasipoota kitu.

Nilimwambia habari za Luhende. Akachukua usaha wa kidonda chake, Luhende akimtania kwamba asiupoteze. Kisha akachukua maji ya mfereji wangu kwenye chupa. Baada ya siku kadhaa akaniita maabara. Nikasimama mlangoni kama kawaida.

"Ingia, Baba Holo."

"Nina buti za bwawani."

"Ingia nazo."

Akanionyesha sahani mbili mbele ya dirisha. Kwa moja, vijidudu vya kidonda. Kwa nyingine, vya maji yangu. Kikaratasi cha rangi mbili hakikuwa na pete. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka kwenye ukingo wake, vingine vimekipanda. Cha pili hakikuwa na pete. Cha tatu vilevile. Kimoja tu, cha dawa ambayo hospitali yetu haikuwa nayo, kilikuwa na pete.

"Kwa hiyo bwawani hamna dawa," nikasema.

"Imo. Kidogo kidogo, ndiyo maana." Akavua miwani. "Kwenu Ushetu mnalima mtama?"

"Tunalima."

"Ndege mnawafukuzaje?"

"Kwa kupiga madebe."

"Ukipiga debe kila siku, polepole, hurushi hata jiwe moja, ndege gani wanaondoka?"

"Waoga."

"Wanabaki nani?"

"Wasiosikia."

"Na hao wasiosikia wakizaa?"

Nikatazama ile sahani. Nilikuwa nimeelewa. Wodini mtu hamalizi dozi, waoga wanakufa, wabishi wanatoka naye chooni. Wanakutana bwawani na wabishi wa wodi zote, na wabishi wa chumba cha upasuaji, wanakaa kwenye maji ya dawa hafifu, wanafundishana. Mama Neema alisema hivyo hasa, kwamba wanaweza kupeana ule ujuzi hata kama si ndugu. Kijani changu kizuri cha mlenda kilikuwa shule yao. Ya jioni na ya mchana.

"Hawa wa mguuni walitoka kwenye maji, au wa kwenye maji walitoka mguuni?" nikamuuliza.

"Sijui. Sina vifaa vya kujua hilo. Ninachojua ni kwamba wanafanana, na mtu mwenye kidonda asiingie kwenye maji yale tena." Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mnakula pamoja?"

"Sahani moja."

"Unanawa?"

"Nanawa."

"Kwa sabuni?"

Nilikuwa nanawa kwa maji ya dumu. Sabuni ilikuwa ya kufulia, ya Jumamosi.

"Kuanzia leo, Baba Holo, usimguse mtu kabla ya sabuni. Ukitoka bwawani, sabuni. Kabla ya kula, sabuni. Sikutishi. Nakuomba."

Nilirudi na kipande cha sabuni alichonipa, nikanawa mikono mpaka ikakunjamana kama ya mtoto mchanga. Kisha nikakaa. Mferejini walikuwa wanaimba.

Vijana, kazini utaambiwa kwamba jambo la haki ni gumu kwa sababu wakubwa hawataki. Mimi wakubwa walikubali siku hiyohiyo. Katibu wa hospitali alisikia neno la Mama Neema, akatoa seng'enge na nguzo kutoka stoo kabla sijamaliza kueleza. Hakuna aliyenizuia. Ilibaki mimi kuchukua nyundo na kuwafungia nje watu pekee waliokuwa wananishika mkono.

Niliwaeleza kwanza. Nilisimama juu ya ukingo nikawapa habari za ndege na madebe, na nilizipamba, maana mnanijua. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Kisha mzee mmoja wa kwenye mialo akasema, "Bwana Afya, tumekuelewa. Dawa imeonekana inafanya kazi, sasa hospitali wanataka kuiuza."

"Haifanyi kazi. Mtazameni Luhende."

"Luhende alichelewa kuanza," akasema mwingine. "Angeloweka toka siku ya kwanza."

Yule mama wa maandazi akasema hakuna ubaya, kila mtu akipata cheo hubadilika.

Wakaniacha nikachimba mashimo ya nguzo. Wachimbaji wa dhahabu, watu wanaoweza kutoboa kilima kwa kijiko, walikaa wakanitazama nachimba vibaya, hakuna aliyenyanyuka. Nilipoanza kufunga waya walikusanya mialo yao. Luhende ndiye alibaki, mguu umefungwa kitambaa.

"Hata mimi?" akauliza.

"Hasa wewe."

"Nilikuwa nadhani wewe unapenda watu."

"Nakupeleka wodini, Luhende. Mama Neema ameshasema na daktari. Kuna dawa moja tu inayoviweza vijidudu hivyo, inaagizwa Mwanza."

"Wodini watu wanakufa."

"Na hapa?"

Akautazama mguu wake. Kisha akasema atakwenda kwa sharti moja, kwamba niwe napeleka chakula na tule huko. Sahani moja, kama wazima.

Nikakubali. Akaniegemea begani, tukapanda njia ya hospitali, yeye akirukaruka na kunilaumu kwamba natembea kama bata wangu.

Niwaambie namna ya kwenda wodini ukitoka majitaka, kwa sababu hili nalo ni la kazi. Buti unaziacha. Shati unabadilisha. Unanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, chini ya kucha kwa kijiti. Kisha ndipo unabeba sahani. Nilifanya hivyo kila siku. Manesi wakazoea kuniona, mmoja akaniuliza kama mimi ni mchungaji wa kanisa kwa jinsi nilivyotakata. Luhende alikuwa ananusa viganja vyangu kabla ya kula, anatikisa kichwa: "Unanukia kama mke wa tajiri. Nimekupoteza."

Dawa ya Mwanza ilikuja, lakini ilichelewa barabarani. Vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye mfupa. Sindano zile zilimwokoa mtu, mguu hazikuuwahi. Waliukata chini ya goti. Nilimkuta amegeukia ukutani. Nikaweka sahani kitandani nikakaa. Baada ya muda akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamega tonge, akala. Akamega lingine. Tulimaliza hivyo, mimi nikitazama mgongo wake. Kisha akasema, akiwa bado amegeukia ukutani, "Wabeja, Bwana Afya." Asante, yaani. Hadi leo sijui alikuwa ananishukuru kwa ugali au kwa nini.

Kule chini mfereji ulikuwa umenyamaza. Uzio ule niliufunga vizuri, ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya kwa mikono yangu, hata mende alikuwa anapita kwa ubavu. Wachimbaji wakafungua njia nyingine ya kupita, ya mbali, nyuma ya kilima. Asubuhi nilikuwa nasimama kwenye waya napaza sauti, "Mwangaluka," kwa yeyote niliyemwona kwenye mstari wa kilima. Upepo ulikuwa unaichukua. Mama wa maandazi alihamia stendi. Bata Katibu aliendelea kupita kukagua.

Sitaki mdhani nilijuta. Mfereji ule baada ya uzio hakuna aliyeloweka kidonda ndani yake, na Mama Neema aliniambia watu wa kilimani walianza kufika hospitali kabla vidonda havijanuka, hata kama walikuwa wanapita njia yao ya mbali ili wasinione. Hilo lilinitosha mchana. Jioni kidogo halikunitosha.

Siku Luhende alipoondoka sikuambiwa mapema. Ndugu zake walikuja kumchukua wampeleke nyumbani Buseresere, na mimi nilikuwa ndani ya bwawa la kwanza hadi magotini nazibua bomba lililojaa pamba za upasuaji. Mfagizi mmoja akaja mpaka ukingoni, akaniita kwa mbali kama kawaida: rafiki yako yuko stendi, basi la Biharamulo linalopita Buseresere linajaza.

Nilikimbia. Nadhani nilikimbia kuliko magari yote ya wilaya. Nikafika na buti, na suruali imenilowa, na mikono hii.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa basi, na magongo mapya ya mbao, amevaa shati la kuazima. Stendi imejaa. Wachimbaji wapo, mama wa maandazi yupo, konda anapiga ubavu wa basi. Na Luhende aliponiona akahamisha gongo moja kwapani, akanyoosha mkono mbele ya watu wote, kama siku ile ya kwanza.

"Bwana Afya. Mwangaluka."

Nikautazama mkono wake. Nikautazama wangu. Maji ya bwawa la kwanza yalikuwa bado yanachuruzika kwenye vidole. Na kigutu cha mguu wake kilikuwa kimefungwa bandeji nyeupe, kidonda bado kibichi.

"Ngoja," nikamwambia. "Usipande. Nakuja."

Nikageuka nikakimbilia kwa muuza chai. Nikamwomba maji, akanionyesha pipa. Nikamwomba sabuni, akaniuliza ya nini. Nikamwambia nipe sabuni, mama. Akatafuta chini ya meza, juu ya meza, akamwita binti yake, binti akaja na kijipande kilichobaki cha kuoshea vikombe. Nikasugua. Viganja, katikati ya vidole, kucha, vifundo, viwikoni, kama nilivyokuwa nasugua kabla ya kwenda wodini. Sikuruka hata sehemu moja. Nikasuuza.

Nilipogeuka basi lilikuwa limeshaingia barabarani. Nililifuata na mikono juu, inachuruzika maji safi, watu wakinipisha kama wanavyonipisha siku zote. Kwenye vumbi niliona mkono umetoka dirishani, umenyooka. Sijui ulikuwa unaniaga au bado unasubiri.

Baadaye nilisikia ana kibanda cha kushona viatu kule Buseresere. Niliwahi kutuma salamu na dereva. Barabara ni ndefu, salamu zinachoka.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Rangi za bwawa nimeshawaambia, na nyasi za kingoni, na buti mtapewa. Uzio jengeni mwanzoni kabisa, kabla hamjamjua mtu. Na kabla ya buti, kabla ya reki, nunueni sabuni mkate katika vipande vidogo, kimoja kikae mfuko wa suruali kila mnakokwenda. Mimi nimestaafu, sishiki tena majitaka, Mama Holo hafukizi tena mashati yangu. Lakini kipande kipo, huu hapa mfuko wa kulia. Kila asubuhi nanawa kwanza, halafu ndiyo natoka nje kuangalia nani anapita njiani.